Ndege Aliye Tunduni Kwako, Utaulizwa Juu Yake



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola wa viumbe wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu wa madrasa na wa sekondari, leo tunataka kusema juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo. Ni tundu la ndege linaloning'inia barazani. Hapa Kuluba, na ukishuka hadi Koboko na Arua mjini, utalikuta katika nyumba za Waislamu. Ndani yake kuna ndege mdogo aliyenaswa kwa ulimbo, au njiwa wa porini, na kwa wenye fedha kuna kasuku wa kijivu aliyetoka Kongo. Wageni wakija, mtoto humpigia mluzi, kasuku akitoa salamu watu wote hucheka na kusema mashaallah.

Kauli yetu ni hii, na tunaitanguliza ili asitokee mtu wa kutuongezea maneno. Kufuga ndege nyumbani kunaruhusiwa kwa mwenye kumtimizia haki zake. Asiyeweza kuzitimiza anabeba dhambi, hata kama tundu lake limetengenezwa kwa dhahabu. Na kasuku wa msituni aliyevushwa mpaka kwa magendo hafugiki kwa halali, kwa sababu dhuluma juu yake imeanza kabla hajafika mlangoni kwako.

TUANZE NA KOSA LETU WENYEWE

Hatusemi haya kama watu wasafi. Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja alileta madrasa ndege wawili wadogo wa rangi ya buluu, hawa wanaookota mbegu mashambani kwetu. Tulifurahi. Tukatundika tundu lao chini ya mabati, tukawaambia watoto wapokezane kuwapa maji. Ilikuwa mwezi wa Februari, kiangazi kikali. Kijijini kukatokea msiba, tukafunga madrasa siku mbili. Kila mmoja alidhani mwenzake amepita kuweka maji. Tuliporudi kibakuli kilikuwa kikavu, na ndege wote wawili wamelala chini miguu juu.

Wiki ile ile tulikuwa tumewasomesha watoto hadithi ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka. Alimfungia hadi akafa, hakumlisha wala hakumwachia ajitafutie wadudu wa ardhini. Binti mmoja mdogo akatuuliza, "Ustadh, na sisi sasa ni kama yule mwanamke?" Hatukuwa na jibu la kumpa mbele ya wenzake. Tuliomba istighfari, tukalivunja lile tundu. Tangu siku hiyo tumekuwa tukiliangalia jambo hili kwa jicho jingine.

HADITHI YA ABU UMAYR INASOMWA NUSU

Ukimwambia mtu habari za ndege wake, haraka atakujibu kwa hadithi ya Abu Umayr. Ni hadithi sahihi, imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.). Abu Umayr alikuwa mdogo wake Anas, naye alikuwa na kindege akicheza naye. Mtume (s.a.w.) alikuwa akimtania kwa kumuuliza habari za kindege chake. Wanavyuoni wengi wametoa hapo dalili kwamba inajuzu kumweka ndege nyumbani na mtoto kucheza naye. Ibnul Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliandika kitabu kizima juu ya hadithi hii moja, akatoa ndani yake faida zaidi ya sitini.

Sisi hatuipingi dalili hiyo. Tunachopinga ni kuisoma nusu. Katika baadhi ya mapokezi imeelezwa kuwa kindege kile kilikuwa kimekufa na mtoto alikuwa na huzuni, naye Mtume (s.a.w.) akamliwaza. Yaani mtoto yule alikuwa na moyo juu ya ndege wake. Je, watoto wetu wakifiwa na ndege huhuzunika, au hukimbilia ulimbo wakamnase mwingine kabla ya Magharibi?

Tena mbona hawaitaji hadithi ya Abu Daud kutoka kwa Ibn Masud (r.a.)? Masahaba walichukua makinda mawili ya ndege, mama yao akaja anapigapiga mabawa. Mtume (s.a.w.) akauliza ni nani aliyemsikitisha mama huyu kwa watoto wake, akaamuru warudishwe. Na mbona hawamtaji Ibn Umar (r.a.), aliyewakuta vijana wamemfunga ndege wanamlenga kwa mishale, akawaeleza kuwa Mtume (s.a.w.) amemlaani mwenye kukifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha? Vijana wenye manati, maneno haya yanawahusu moja kwa moja.

Na juu ya yote hayo, Suratul An'am aya ya 38 inatufundisha kuwa ndege nao ni umma mfano wetu. Umma una haki. Tuzitaje.

HAKI ZA NDEGE ALIYE NYUMBANI

1. Maji na chakula. Maji safi kila siku, na kiangazi asubuhi na jioni. Mtama, ulezi na ufuta tunavyo shambani. Mboga za majani na vipande vya embe pia humfaa. Alizeti peke yake kila siku inamnenepesha na kumdhoofisha. Karanga zenye ukungu ni sumu, kwa hiyo zile ulizozitenga kwa kuwa hazifai kuliwa na watoto usimtupie ndege. Parachichi linaua ndege wengi wa kufugwa. Chai, kahawa na vyakula vya chumvi usimpe.

2. Nafasi. Ndege asiyeweza kunyoosha mabawa yake yote mawili bila kugusa fito yuko kaburini. Suratul Mulk aya ya 19 inatutaka tuwatazame ndege juu yetu wakikunjua mabawa na kuyakunja, tuone uwezo wa Mwingi wa rehema. Mtoto wako ataiona wapi aya hiyo kwa ndege aliyekunjwa kama soksi?

3. Hewa. Mapafu ya ndege ni mepesi kudhurika kuliko yetu. Moshi wa jikoni, udi na ubani uliofukizwa chumba kimefungwa, na sufuria zisizoshika chakula zikipata moto kupita kiasi, vyote vinaweza kumuua. Sigiri ya mkaa ikiwaka ndani ya nyumba iliyofungwa humuua ndege, na huwaua watu pia.

4. Kivuli na usalama. Usitundike tundu chini ya mabati yasiyo na dari, wala juani. Paka, nyoka, panya na siafu wote wanaijua njia ya tundu lako. Usiku umfunike, umwachie giza na utulivu wa saa kumi hivi.

5. Usafi. Katika madhehebu yetu ya Shafi kinyesi cha ndege ni najisi, basi usiweke tundu mahali mnaposwalia. Safisha kila siku, osha mikono, na vumbi la kinyesi kikavu msilivute. Ndege jamii ya kasuku wanaweza kumwambukiza mtu homa ya mapafu. Ndege akijikunyata, manyoya yakamsimama na akaacha kula, muone mganga wa mifugo siku hiyo hiyo.

6. Mwenzake. Ndege wengi huishi kwa makundi au kwa jozi. Kumweka mmoja peke yake siku nzima ni kifungo cha upweke.

Soma orodha hii mbele ya tundu lako. Ukikwama katika moja, jirekebishe. Ukikwama katika zote, ndugu yetu, wewe hufugi ndege, unamtesa.

KASUKU WA MPAKANI

Sasa tumfikie kasuku. Kuluba yetu iko mpakani. Oraba na Sudan Kusini ni hapa hapa, na Kongo si mbali. Bidhaa huvuka kwa bodaboda mchana na usiku. Mtu akikuletea kasuku ndani ya gunia au boksi, usijidanganye kuwa hujui alikotoka.

Kasuku wa kijivu huishi misituni kwa makundi makubwa, hutaga ndani ya mashimo ya miti, na anaweza kuishi miaka arobaini na zaidi. Wanasaji humnasa kwa gundi, wakamkata mabawa, wakamshindilia na wenzake ndani ya boksi. Kwa makadirio ya wataalamu, karibu nusu ya wanaonaswa hufa kabla ya kumfikia mnunuzi. Kwa hiyo yule mmoja anayekusalimia barazani, nyuma yake yupo mwenzake aliyeoza njiani. Nchini Ghana, ambako zamani walikuwa wengi, watafiti mwaka 2016 walieleza kuwa zaidi ya asilimia 90 wametoweka tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Mwaka huo huo wa 2016, mataifa yaliyokutana Johannesburg yalikubaliana kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wa porini, na marufuku hiyo ikaanza kazi mwaka 2017. Hapa Uganda, Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2019 inafikisha adhabu ya makosa juu ya viumbe walio hatarini kutoweka hadi kifungo cha maisha. Wala sheria hii si ya kwenye karatasi tu. Aprili 2022, wilayani Kisoro, kwenye mpaka mwingine wa Uganda na Kongo, watu walikamatwa na kasuku 122, na baadaye mmoja wao akahukumiwa miaka saba jela.

Lakini sisi hatutaki Muislamu amwache kasuku kwa kuogopa askari tu. Nyama ya mbuzi wa wizi hata uisomee bismillahi mara mia ni ya wizi. Kasuku wa magendo hata umfundishe kutoa salamu na kumsalia Mtume, magendo ni yale yale. Tena ni aibu kubwa zaidi kumfanya kiumbe uliyemdhulumu akutajie jina la Mola wako ili wageni wafurahi.

WATAKAOTUPINGA

Kwanza watasema: "Watu wana shida, wakimbizi wanapokelewa hapa hapa Kuluba, nyinyi mnahubiri ndege?" Tunajibu kuwa huruma haigawanywi kama sukari ya mgawo, ikienda huku ikapungua kule. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kuwa mtu alisamehewa kwa kumnywesha maji mbwa mwenye kiu. Mtoto anayezoea kuona kiumbe kinakufa kiu barazani bila mtu kusimama, kesho atampita mkimbizi mwenye kiu vivyo hivyo.

Pili watasema: "Ni riziki za watu." Riziki ya nani? Anayepanda mti kumnasa hupata kidogo, faida wanaichukua walio mbali. Na asingepanda kama wewe usingenunua.

Tatu, wapo wa upande wa pili watakaosema kila ndege wa kufugwa ni haramu. Hao nao wamevuka mpaka. Alichoruhusu Mtume (s.a.w.) hatukiharamishi.

BASI TUFANYE NINI?

Anayetaka watoto wake waishi na ndege, afuge njiwa. Awajengee nyumba juu ya nguzo, nguzo azivishe bati panya wasipande, awape maji na nafaka jioni. Asubuhi watatoka, jioni watarudi wenyewe. Hapo baba atapata pa kuwaonyesha watoto ile hadithi aliyoipokea Umar (r.a.), ya ndege wanaotoka na njaa asubuhi na kurudi wameshiba, ambayo Mtume (s.a.w.) aliitolea mfano wa kumtegemea Mwenyezi Mungu. Ila njiwa wasiwe wa kamari, wala wa kumtoa mtu katika swala.

Mwenye ndege wadogo wa porini walionaswa karibuni, wazima wa mabawa, awafungulie asubuhi pale pale waliponaswa. Mwenye kasuku asimwachie ovyo, kwani aliyekatwa mabawa au aliyezoea kulishwa atakufa. Awaendee maofisa wa Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda awaeleze ukweli. Ni vizuri aende na mzee wa msikiti wa kumsindikiza. Kujisalimisha leo ni kwepesi kuliko kukamatwa kesho, na hisabu ya duniani ni nyepesi kuliko ya Akhera.

Na wewe mzazi, leo ukirudi nyumbani simama mbele ya lile tundu kabla hujavua viatu. Tazama kibakuli cha maji. Ukikikuta kikavu, usimwite mtoto. Kachote mwenyewe.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (s.w.) atusamehe tuliyoyafanya kwa kutojua na tuliyoyafanya huku tukijua, atupe nyoyo zenye huruma, na awafanye watoto wetu kuwa rehema kwa kila chenye roho. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.