Kabwela Hafuati Upya, Afuata Unafuu

Wapo wasemao kwamba M-Pesa, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, ilipendwa kwa kuwa kitu kipya. Sisi twakataa. Kabwela aliipokea kwa sababu benki ilikuwa mbali, na wakala yu jirani dukani. Alimpelekea mama yake kijijini shilingi chache, zikafika saa ile ile, akaamini.

Julai 2021 Tanzania ilipoweka tozo juu ya miamala, wananchi walilalamika, wengine wakarudia noti. Mwaka huo huo Serikali ikaipunguza kwa asilimia 30. Funzo ni hili: ukaribu na imani humwingiza mtu, gharama humtoa. Atakaye tuache noti, apunguze makato kwanza. Shilingi ya kabwela ni jasho lake!