Ujuzi wa Kukereza Kalamu Usifichwe

Wahenga walinena kwamba mwana wa mhunzi asiposana huvukuta. Aghalabu nawasikia mafundi wa mbao wakilalamika kwamba vijana wameipa karakana kisogo, ilhali wao wenyewe hufunga mlango fundi mwenzao anapobisha. Nani basi atavukuta?

Mimi ni mwalimu wa isimu, lakini Jumamosi zangu huzitumia kukereza kalamu za mbao. Mwalimu mwenzangu, mjuzi wa kuunda viti na kabati, aliponiuliza kwa nini ninajishughulisha na kitu kidogo hivyo, sikumhutubia. Nilimpa kipande cha mwarobaini.

Kalamu haihitaji ubao mzima. Kipande cha urefu wa inchi 5 na unene wa robo tatu ya inchi, ambacho seremala angekitia mekoni, kinatosha. Hukatwa mara mbili, kikatobolewa kwa kekee ya milimita 7, na vijibomba vya shaba vikagandishwa ndani kwa gundi. Ncha zikishasawazishwa, vipande huvishwa kwenye ufito wa chuma na kuzungushwa kwenye kerezo huku patasi ikipitishwa taratibu. Hufuata msasa, kuanzia ule mkali hadi ule laini, kisha nta. Mwisho wa yote, sehemu za chuma na mrija wa wino hushindiliwa mahali pake.

Kazi hii humalizika alasiri moja, na anayekosea hupoteza kibanzi tu. Hata hivyo, inafunza mengi. Seremala aliyezoea kuziba pengo la kabati kwa gundi na unga wa mbao hugundua kwamba hapa hakuna pa kujificha: patasi butu huchana mbao, na pupa hupasua.

Isitoshe, miti kama mpingo na muhugu huchukua miongo mingi kukomaa. Ni vyema basi masalio yake yapate matumizi ya heshima.

Wapo wanaosema kwamba kumfunza mwenzako ni kujizalia mshindani. Hofu hiyo naielewa, maana kwa wengi kazi hii ndiyo unga. Lakini fundi mmoja anayeagiza vijibomba vichache kutoka ng'ambo hutozwa bei ya mpweke. Mafundi kumi wakiagiza pamoja hupunguziana gharama.

Kuna hasara nyingine inayonigusa kwa taaluma yangu. Kamusi zetu zimekihifadhi kitenzi kukereza, na waundaji wa vitanda vya pwani vyenye miguu ya kukerezwa walikihitaji kila siku. Kerezo, kekee, jiliwa na randa ni maneno yasiyoweza kuishi kamusini pekee. Huishi pale mtu mmoja anapomwambia mwingine, "Nipe jiliwa," naye akajua cha kushika. Fundi anayeficha ujuzi huzika kazi pamoja na msamiati wake.

Kwa hivyo, walimu wenye karakana, msingoje semina wala waraka. Mwiteni mwenzenu mmoja, na baada yake wanafunzi wawili. Mvisheni miwani na kitambaa cha kuzuia vumbi, mpeni kipande cha mbao, kisha mwacheni aishike patasi kwa mkono wake mwenyewe.