Gari la kikundi likianza kukohoa



Magari mengi yanayobeba maharagwe yetu na wagonjwa wetu hapa Kiwanja yalitembea miaka mingi katika nchi nyingine kabla ya kutufikia. Si ajabu siku moja moteri ikaanza kukohoa: inatetemeka gari likiwa limesimama, inakosa nguvu kwenye mlima, inakunywa esanse kuliko kawaida. Mara tunaambiwa: "Moteri imekufa, nunueni ingine." Kabla ya kufungua sanduku la AVEC, tumwombe fundi jambo moja: atuonyeshe ni silinda gani inayougua.

Moteri za magari madogo mengi zina silinda 4. Kila moja inahitaji vitu vitatu: esanse na hewa kwa kipimo, moto wa buji kwa wakati wake, na pistoni inayokandamiza vizuri. Kimoja kikikosekana, silinda hiyo inalala na zile tatu zinabeba mzigo wake, kama machela iliyoachwa na mbebaji mmoja.

Fundi apime hivi, nasi tusimame hapo tukitazama:

1. Azime moteri, achomoe waya wa bobini ya silinda ya kwanza, kisha awashe kwa muda mfupi. Moteri ikitetemeka zaidi, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Isipobadilika, huyo ndiye mgonjwa. Arudishe waya, aende kwa inayofuata. Asichomoe moteri ikiwaka, umeme wa bobini unapiga vibaya.

2. Atoe buji na tuiangalie. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu ni esanse nyingi au hewa kidogo. Ikilowa esanse, moto haufiki. Ikilowa mafuta ya moteri, pete za pistoni au mpira wa supapu vimechoka.

3. Buji ya silinda mgonjwa aihamishie kwa jirani. Ugonjwa ukihama nayo, tununue buji. Usipohama, afanye vilevile na bobini.

4. Ugonjwa ukibaki palepale, apime injekteri, kisha mkandamizo. Mkandamizo ukiwa mdogo, atie kijiko cha mafuta ya moteri kwenye tundu la buji na kupima tena. Ukipanda, pete zimekwisha. Usipopanda, tatizo ni supapu au juenti ya kichwa cha moteri. Hapo tu ndipo maneno ya kufungua moteri yana msingi.

Tumwambie fundi pia ugonjwa ulianza lini. Ukitokea asubuhi za mvua tu, pengine nyaya zimepasuka: usiku, kapo ikiwa wazi na moteri ikiwaka, cheche zitaonekana gizani, bila kugusa kitu. Ukianza mara baada ya kununua esanse kwa Kadhafi barabarani, pengine imechanganyika na maji au petroli ya taa. Tangi limwagwe na chujio libadilishwe kabla ya kununua kitu kingine.

Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari ataona namba. P0301 ni silinda ya kwanza, P0304 ni ya nne, na P0300 ni zaidi ya moja au isiyojulikana. Namba inataja silinda, haitaji kipande kilichoharibika. Kwa hiyo kupima kunabaki palepale.

Taa ya moteri ikiwaka na kuzimika mfululizo, dereva asiendelee. Esanse isiyoungua inaingia kwenye bomba la moshi na kulichoma mpaka liwe jekundu. Na tunajua maana ya kukwama jioni kwenye barabara ya Goma, au na mama mwenye uchungu kabla ya kufika hospitali ya Rutshuru.

Kikundi chenye gari kiwe na daftari: tarehe, kilometa, kipande kilichobadilishwa na bei yake. Na kipande cha zamani kirudi mikononi mwetu kabla fundi hajalipwa.