Kona ya Picha: Lenzi ipi itatosha familia nzima?

Toleo lililopita tuliiomba radhi familia moja ya hapa Mukuju bila kueleza sababu, na wengi wenu mmetuuliza kulikoni. Leo tunaeleza, kwa ruhusa yao.

Ilikuwa hivi. Familia hiyo ilitaka picha ya kumpelekea binti yao aliyeolewa Busia, upande wa Kenya. Watu kumi na mmoja, chumba kimoja, na nje mvua inanyesha. Kamera ni ile yetu ya kikundi, na lenzi tulikuwa tumeazima, pana, ya milimita 24. Tulifurahi sana maana kila mtu alitosha. Nyanya tulimkalisha kwenye kiti mwisho kabisa wa mstari, karibu na mlango, ili apate mwanga. Picha ikaoshwa Tororo, ikavuka mpaka ndani ya mkoba wa jirani. Siku mbili baadaye simu ikalia: "Mbona mama amevimba uso? Mnatuficha nini?" Binti alikuwa ameshaanza kutafuta nauli.

Nyanya alikuwa mzima kabisa. Kilichomvimbisha ni lenzi, na mahali tulipomkalisha.

Sasa tuelewane. Ile namba iliyoandikwa kwenye lenzi ndiyo urefu wa fokasi. Namba ikiwa ndogo, lenzi inaona pana zaidi. Lenzi pana zinazotumika sana ni 24, 28 na 35, na kikundi chetu kilikuwa na pesa za kununua moja tu. Ikabidi tuchague.

Hesabu yake ni rahisi, hata mtoto wa darasa la sita anaiweza. Chukua umbali wako na watu kwa mita, zidisha kwa 36, halafu gawanya kwa namba ya lenzi. (Hiyo 36 ni upana wa picha ya filamu ya kawaida kwa milimita, na kamera yetu ni ya kipimo hicho.) Ukisimama mita 3 kutoka kwa watu, lenzi ya 24 inaona upana wa mita 4 na nusu. Ya 28 inaona karibu mita 3.9. Ya 35 inaona mita 3.1 hivi.

Ukiishia hapo utasema 24 ndiyo bora. Sisi pia tulisema hivyo. Lakini lenzi pana ina deni lake, na deni hilo hulipwa na waliokaa pembeni. Picha ni karatasi bapa, na lenzi inalazimika kutandaza juu yake vitu inavyoviona kwa upande. Kwa hiyo kilicho mviringo pale ukingoni huvutwa, kikawa kama yai lililolazwa. Kichwa kilichoko ukingoni kabisa, kwa lenzi ya 24, hunenepa kwa robo hivi kuliko urefu wake. Kwa 28 ni karibu moja ya tano. Kwa 35 ni moja ya nane, na hapo watu wengi hawatambui. Lenzi haijaharibika. Hata ya bei kali hufanya hivyo.

Na pembeni huwa tunamweka nani? Tuseme ukweli: nyanya kwa sababu ya kiti, watoto kwa sababu hawatulii, na yule mgeni aliyejiunga na familia juzi.

Basi mbona hatukuchukua 35 mara moja? Ni kwa sababu ya vyumba vyetu. Tulipima kadhaa kwa kamba. Ukibana mgongo ukutani, mara nyingi unabaki na mita 2 tu mbele yako. Hapo 35 inaona mita 2 na kidogo, watu wanne wamebanana. Ile ya 28 inaona mita 2 na nusu, ukipanga mistari miwili watu wanane wanatosha. Tulibishana jioni nzima, tukapiga kura, 28 ikashinda. Walioitaka 35 wanasema watu watoke tu nje, na mvua ikiisha wana haki.

Hata wakubwa wa kazi hii hawakubeba lenzi moja. Mbrazili Sebastião Salgado, aliyefariki 2025, alipiga picha kambi ya Benako, Ngara, mwaka 1994, wakati watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda kuingia Tanzania kwa muda wa siku moja hivi. Kwa miaka mingi lenzi zake zilikuwa 28, 35 na 60. Ile ya 60 ni ya kutazama uso. Kwa hiyo picha ya mtu mmoja, hasa ya kumtafuta ndugu aliyepotea, msiipige kwa lenzi pana mkiwa karibu. Pua itakua, masikio yatarudi nyuma, na anayemtafuta anaweza kumpita asimjue.

Wenye kamera za dijitali za kubadilisha lenzi, angalieni sana. Nyingi zina kibamba kidogo cha kupokea mwanga, na kwa hizo zidisheni namba ya lenzi kwa 1.5 au 1.6. Lenzi ya 28 humo inaona kama 42 au 45, si pana tena. Inayowafaa ni 18. Na wenye simu: kamera kuu ya simu nyingi za siku hizi inaona karibu sawa na 24 hadi 28. Kosa letu ni lenu pia.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi. Wazee wakae katikati. Pembeni wasimame vijana, na kila upande ibaki nafasi ya mkono mmoja kabla ya ukingo. Mpiga picha arudi nyuma mpaka ukuta umzuie, ndipo afikirie kubadilisha lenzi.

Tunajua ni mambo madogo. Lakini wengi wetu tuliovuka Busia na Malaba mapema 2008 hatukubeba hata picha moja, na ndugu waliobaki wanatujua kwa hizi tunazowatumia. Wakiona uso umevimba, wanaamini.

Familia ile tuliipiga tena, bure, Nyanya katikati. Alituuliza kama safari hii atapungua. Picha imeshavuka, na binti ametuma neno kwamba atakuja Desemba, kwa kusalimia tu.

Mwezi ujao tutazungumzia mwanga wa dirishani. Anayetaka chumba chake kipimwe atuone Jumamosi, kamba tunayo. Kwaherini.