Nani yuko zamu usiku?

Wazazi wangu, ndugu na vijana wa Katandala, na ninyi wa Chanji, Izia, Majengo, Kizwite na mitaa yote ya mji wetu, nawaandikia kuhusu wazee walio mikononi mwa watu wasio wa damu yao. Wapo walio kwenye vituo vya kulelea wazee, viwe vya serikali, vya dini au vya watu binafsi. Wapo wanaolazwa wodini wiki hata miezi bila ndugu wa kuwasogezea maji. Na wapo ambao hakuna anayewahesabu, walioachiwa binti wa kazi katika nyumba ambayo watoto wake wote wako Mbeya au Dar es Salaam. Ninachoomba ni kwamba tuanze kukagua namna wanavyotunzwa, kwa pamoja, kwa kuandika, na bila kungoja mtu afe.

Najua kukagua kunakera. Lakini sisi Ufipa kukagua wazee si jambo geni. Roy Willis, Mwingereza aliyefanya utafiti huku miaka ya 1960, aliandika jinsi watu wa Kamchape walivyopita kijiji kwa kijiji wakisaka uchawi. Wimbi lile halikuwa la kwanza, na wenye umri wanajua halikuwa la mwisho. Pesa za kuwalipa zilipatikana. Watu waliitwa, wakafika. Na mlango uliobishwa hodi mapema ulikuwa aghalabu wa mzee. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba hatuna desturi ya kukusanyika kwa sababu ya wazee. Desturi tunayo, ila tumeitumia kuwatisha.

Sasa tazameni tunavyokagua siku hizi. Kila tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee, magari yanaingia kwenye vituo, sabuni na sukari zinashushwa, wazee wanapangwa kwenye viti, picha zinapigwa, na wageni wanaondoka kabla ya chakula cha mchana. Sina ugomvi na sabuni. Lakini mgeni aliyetoa taarifa wiki mbili kabla, akafika saa nne asubuhi, ataonyeshwa sakafu inayong'aa na mashuka yaliyopigwa pasi. Mambo yenyewe yako saa tisa usiku.

Pigeni hesabu pamoja nami. Mzee asiyeweza kujigeuza kitandani anatakiwa kugeuzwa takriban kila baada ya saa mbili. Asipogeuzwa, nyama inayobanwa kati ya mfupa na godoro inakosa damu na kuanza kufa, ndipo vidonda vinapochimbika makalioni, nyongani na visiginoni. Tuseme kituo kina wazee 12 wa namna hiyo, na mhudumu mmoja anayeingia saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Kila mzee ageuzwe mara 6 usiku huo. Jumla mara 72. Kila mara, pamoja na kubadilisha shuka lililolowa, ichukue dakika 10. Hizo ni dakika 720, yaani saa 12 kamili. Mhudumu huyo hajanywa maji, hajaenda msalani, hajamkimbilia babu wa chumba cha pili aliyeanguka. Hata awe na moyo wa mtakatifu, hataweza. Kwa hiyo swali la kwanza kituoni ni hili: usiku wako wangapi zamu, na wanalea wangapi wasioweza kujigeuza? Kisha, kwa ruhusa ya mzee mwenyewe, mwombeni awaonyeshe visigino vyake.

Swali la pili ni la madaftari. Ombeni kuona daftari linaloandikwa matukio: nani alianguka, lini, wapi, alipelekwa hospitali baada ya muda gani. Hapa watu wengi hukosea. Wanaona ukurasa mweupe wanafurahi. Wazee 30 wakae mwaka mzima na asianguke hata mmoja? Kituo hicho hakina usalama zaidi kuliko vingine, hakiandiki tu. Mimi ningemwamini zaidi matroni anayeniambia, "Juzi bibi ameteleza bafuni, tukaweka kishikio ukutani," na kishikio nikakiona. Daftari la dawa nalo lisomwe: je, tiki zote zimewekwa kwa kalamu moja na mkono mmoja, kana kwamba wiki nzima ilijazwa kwa dakika tano? Na mzani upo? Mzee anayepungua kilo mwezi baada ya mwezi anawaambia kitu ambacho mdomo wake unaogopa kukisema.

Kisha kuna baridi yetu. Mji huu uko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na Juni na Julai hakuna asiyezijua hapa. Mzee akitetemeka, mhudumu mwenye huruma huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu wala haimkohozi mtu, inamlaza tu moja kwa moja. Ulizeni wazee wanapashwaje joto usiku, na blanketi ni ngapi kwa kila kitanda. Msiridhike na zile zilizo stoo zikisubiri wageni. Ulizeni pia kuhusu kufuli. Wazee wenye ugonjwa wa kusahau hufungiwa kwa nje ili wasipotee, na sababu naielewa, lakini moto ukizuka ufunguo uko mfukoni mwa nani? Septemba 2020 wanafunzi 10 wa Shule ya Msingi Byamungu, wilayani Kyerwa, walikufa kwa moto wakiwa bwenini. Hao walikuwa watoto, wenye miguu ya kukimbia.

Mtu ataniambia hiyo ni kazi ya serikali. Ni kweli, na tuidai. Serikali yetu imewahi kupima huduma kwa uwazi: kuanzia 2015 Wizara ya Afya ilizipa zahanati, vituo vya afya na hospitali nyota, kuanzia sifuri hadi tano, na katika awamu ya kwanza kiasi cha theluthi moja ziliambulia sifuri. Aibu ile ilisaidia. Zilipopimwa tena 2017/18, zenye sifuri zilikuwa zimepungua sana. Marekani nao walianza kuvipa nyota vituo vya wazee mwaka 2008, lakini kwa miaka kadhaa idadi ya wahudumu ilijazwa na vituo vyenyewe. Ilipofika 2016 vikatakiwa kupeleka takwimu zinazotokana na malipo ya mishahara, kwa sababu mhudumu wa kwenye karatasi ni rahisi kumwandika, kumlipa ndiyo shida. Nasi tukiambiwa "tunao wahudumu wanane", tuulize wanane hao wanalipwa na nani, na jana usiku walikuwepo wangapi.

Mfano unaoninyima usingizi, hata hivyo, ni wa Afrika Kusini. Mwaka 2015 idara ya afya ya jimbo la Gauteng iliamua kuvunja mkataba na Life Esidimeni, iliyokuwa ikiwatunza watu wenye maradhi ya akili ya muda mrefu, ikisema inabana matumizi. Hadi katikati ya 2016 zaidi ya wagonjwa elfu moja walikuwa wamehamishwa, wengi wao kwenye asasi ndogo ndogo zisizo na uwezo. Familia nyingi hazikujua ndugu yao amepelekwa wapi. Wengine walizunguka kutoka mlango hadi mlango wakiuliza. Profesa Malegapuru Makgoba, aliyekuwa msimamizi wa malalamiko ya afya wa nchi hiyo, alitoa ripoti Februari 2017: asasi 27 walikopelekwa wagonjwa hazikuwa na leseni halali. Hesabu ya waliokufa ilifikia 144. Kati ya sababu zilizotajwa kulikuwa na njaa, kiu na baridi. Si ugonjwa mgeni, ni kukosa uji, maji na blanketi.

Angalieni ukweli ulivyofika mezani. Familia zilikuwa zimeunda kamati yao na kupinga uhamisho tangu mwanzo, zikaenda hadi mahakamani, zikapuuzwa, zikaendelea. Machi 2018 Jaji Dikgang Moseneke, aliyesikiliza shauri hilo kama msuluhishi, aliiamuru serikali iwalipe fidia. Ndugu aliyekwenda peke yake aliambiwa arudi kesho. Walipokuwa kamati, ikabidi wasikilizwe.

Huku kwetu Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiweka familia na jamii mbele katika kumtunza mzee, na makazi ya wazee yawe hatua ya mwisho. Maana yake ni kwamba anayefikishwa kwenye makazi mara nyingi hana mtoto wa kumlalamikia. Akiwa na kidonda, hakuna atakayepiga simu kwa diwani. Ndiyo maana siwaombi mumkague mama yenu tu. Mama yako ana wewe.

Kuhusu masista na wengine wanaolea kwa sadaka: wanastahili heshima kubwa, na wengi wao wanafanya kazi ambayo sisi tuliikimbia. Lakini heshima haizuii swali. Mlezi mwema aliyezidiwa ndiye wa kwanza kufaidika likiulizwa hadharani, maana akisema "niko peke yangu usiku" mbele ya mkutano, tatizo linakuwa la mji. Hapo tusimkwepe. Mtaa unaochangia harusi hadi usiku wa manane unaweza kuchangia posho ya mhudumu wa pili na gunia la mahindi. Tukiuliza maswali yote halafu mifuko ikafungwa, tutakuwa wambea tu.

Na binti wa kazi tusimsahau. Mtoto wa miaka 15 aliyeletwa kutoka kijijini kwa mshahara wa kununua kanga, anamgeuza babu mwenye kilo 70 peke yake, usiku na mchana, bila siku ya kupumzika. Mwenye nyumba hiyo anaweza kuwa ndiye anayelia zaidi kuhusu vituo vibovu. Aanzie kwake.

Sasa kazi. Mji huu una wauguzi wengi wastaafu. Mama zangu, tunawahitaji, kwa sababu ninyi mnajua kidonda cha wiki moja na cha mwezi. Tuwapate wawili, fundi umeme mmoja, kijana anayeandika vizuri, na mzee kutoka baraza la wazee ambaye hatishiki. Tumjulishe afisa ustawi wa jamii wa Manispaa na kumwomba aambatane nasi. Yeye ndiye atakayetuambia kituo kimesajiliwa au la. Uongozi wa kituo ujue kwamba tutakuja mwezi huu, usijue siku. Twende jioni, wakati wa chakula, tukae hadi zamu zibadilishane. Maswali yawe yale yale kila kituo, majibu yaingie kwenye kauntabuku moja, na kituo kisomewe yaliyoandikwa na kupewa nafasi ya kujibu kabla hayajasomwa mtaani. Majina ya wazee na maradhi yao yasiandikwe humo. Baada ya miezi mitatu turudi kuona kilichobadilika, kisha diwani akipeleke kitabu hicho kwenye Baraza la Madiwani, na mwenye kuuliza bajeti ya ustawi wa jamii aulize akiwa nacho mkononi.

Mkutano ujao wa mtaa ukitangazwa, mfuateni mwenyekiti mapema aliandike jambo hili kama ajenda kamili. Msikubali liwekwe kwenye "mengineyo". Mengineyo hufika wakati watu wameshasimama na kukung'uta viti.