TUVAE NINI CHINI YA HELMETI?

Ndugu wanachama,

Wengi wetu wa zamu ya alfajiri hatuwezi kufika kazini kwa gari la moshi, maana sisi ndio tunaolitayarisha. Treni ya kwanza isipate kuchelewa, shanta, gadi na fundi lazima wawe wamefika mapema, na saa hiyo matatu ni chache. Basi tunapanda pikipiki, wengine zao wenyewe, wengine boda boda. Mwezi wa saba, pande za Limuru na Kikuyu, baridi ni kali, na kila mtu hujifunga kichwa na shingo kwa kitu chochote alichokikuta nyumbani, kisha huvaa helmeti juu yake. Nataka kutoa maoni yangu juu ya kitu hicho cha ndani, kwa sababu naona tunakosea.

Ndugu mmoja wa zamu yetu alikuwa akivaa kofia nene ya sufu, imekunjwa mara mbili juu ya masikio. Helmeti haikuingia mpaka chini. Ilikaa juu ya kichwa kama sufuria juu ya mafiga, na mkanda wa kidevu haukufika, akauacha wazi. Siku pikipiki ilipoteleza, helmeti ilitoka kabla yeye hajaanguka chini. Alipona, lakini alikaa muda mrefu bila kufanya kazi, na hata leo kelele za karakana humwumiza kichwa. Helmeti iliokotwa mtaroni, haina hata mkwaruzo. Jambo hili linanisumbua sana. Helmeti alikuwa nayo, wala haikumsaidia.

Yafaa tujue helmeti inavyofanya kazi. Ganda la nje huzuia kitu chenye ncha na kutawanya pigo. Ndani yake kuna povu gumu ambalo hubonyea, na katika kubonyea hupunguza nguvu ya pigo kabla halijafika kwenye ubongo. Povu hilo hubonyea mara moja tu, ndiyo maana helmeti iliyokwisha kupata ajali haifai tena. Lakini kazi hiyo yote haiwezekani kama helmeti haikushika kichwa. Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa kiasi cha asilimia 42, na hatari ya majeraha ya kichwa kwa asilimia 69. Faida hiyo haimfikii mtu ambaye helmeti yake imelala mtaroni.

Tena si habari mpya. Mwaka 1941 daktari mpasuaji Hugh Cairns aliandika juu ya vifo vya wapanda pikipiki wa jeshi la Uingereza, akaonyesha faida ya helmeti, na mwezi wa Novemba mwaka huo huo jeshi likaamuru askari wake wazivae wakiwa kazini. Na sheria ya barabara ya Kenya inataka dereva na abiria wote wawili wavae helmeti na koti la kung'aa.

Basi tuvae nini ndani? Maoni yangu ni haya.

Kwanza, kofia ya ndani iwe nyembamba na ikubane kichwa, isiwe na kifundo, kifungo wala mshono mnene. Mshono mnene penye kipaji au juu ya sikio, ukibanwa nusu saa, huleta maumivu, na mtu mwenye maumivu hulegeza mkanda. Pamba yafaa wakati wa joto kwa sababu hunywa jasho, lakini ikilowa hukaa na maji, na upepo ukiipiga hupoza kichwa. Kwa baridi, sufu nyembamba ni bora, maana hutunza joto hata ikiwa na unyevu kidogo. Boshori nene tuiache nyumbani. Dada zetu wenye kusuka nywele, fundo kubwa la utosini hufanya kosa lile lile la kofia nene. Afadhali nywele zilale chini kisogoni.

Pili, shingoni kusiwe na kitu chenye ncha za kuning'inia. Sisi wa karakana tunajua sheria ya mashine inayozunguka: nguo iliyolegea haikaribii. Mbona tukitoka getini tunasahau? Gurudumu na mnyororo wa pikipiki ni mashine pia. Mwaka 1927, mjini Nice huko Ufaransa, mcheza ngoma mashuhuri Isadora Duncan alikufa kwa sababu skafu yake ndefu ilinaswa na gurudumu la motokaa. Skafu, leso na shuka za abiria wetu ni zile zile. Kitambaa kizuri ni kile kilichoshonwa mviringo kama mkono wa fulana, hakina ncha, na sehemu yake ya chini huingizwa ndani ya koti. Huzuia baridi na vumbi pia. Kisipande juu ya pua, maana pumzi itapanda na kuziba kioo kwa ukungu.

Tatu, wapandao boda boda. Wengi hukataa helmeti ya abiria kwa sababu inanuka jasho la watu wengine, na wanaogopa choa na chawa. Siwalaumu. Lakini dawa yake si kwenda kichwa wazi. Kila mtu awe na kofia yake nyembamba mfukoni, aifue kila wiki. Na mwenye helmeti aioshe kitambaa cha ndani kwa sabuni na maji, asitumie petroli, maana petroli huharibu povu.

Jaribu hivi: vaa kofia ya ndani, vaa helmeti, funga mkanda, kisha isukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka, umevaa pambo tu. Na siku ya kununua helmeti, nenda na kofia yako ya ndani.

Najua wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya mtu na nguo yake, chama hakihusiki. Mimi nasema kinahusika. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inahesabu safari ya kwenda kazini kuwa ni kazi pale ambapo mwajiri ametoa gari maalum bila malipo. Anayekwenda kwa pikipiki yake hakutajwa hapo. Akivunjika saa kumi ya alfajiri, mzigo ni wake na watoto wake. Kwa hiyo naomba tawi letu lifanye mambo mawili: kudai gari la zamu ya alfajiri, na wakati tunangoja jibu, kununua kofia nyembamba na vitambaa vya shingo kwa jumla, kila mwanachama alipe kidogo kidogo.

Kudai gari kutachukua muda. Kofia nene unaweza kuivua kesho asubuhi. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ndimi ndugu yenu katika kazi,
Shanta wa zamu ya alfajiri