Mtama Wetu Nao Unastahili Kuonjwa
Na Masanja Lukelesha

Pierre Celis alikuwa muuza maziwa wa Hoegaarden, Ubelgiji. Mwaka 1966 alianza kuifufua bia nyeupe ya ngano ya mji wake, ambayo ilikuwa imetoweka baada ya kiwanda cha mwisho kufungwa. Mwaka 1992 akaipeleka Austin, Texas, na Wamarekani wakaipokea.

Hawakuishia kuinywa. Mwaka 1995, Rob Tod alifungua kiwanda cha Allagash huko Portland, Maine, akaanza na bia hiyohiyo nyeupe, yenye giligilani na ganda la chungwa. Mwaka 2007 kiwanda kikajenga sinia kubwa la chuma, pana na la kina kifupi, kama wafanyavyo watengenezaji wa lambiki, bia chachu ya karibu na Brussels. Maji ya kimea yaliyochemshwa hulazwa humo usiku, yakipoa huku chachu za hewani zikitua zenyewe. Kisha bia huhamia kwenye mapipa, ikakomaa kwa miaka. Anayeonja hupewa glasi ndogo, anainusa kwanza, halafu anautafuta uchachu, utamu na harufu ya matunda.

Mama anayepika pombe ya mtama Ushirombo, wilayani Bukombe, hahitaji mkalimani hapo. Yeye naye huloweka mtama, huuotesha, huuanika na kuusaga upate kimea. Huupika uji, akauacha uchachuke. Uchachu wa pombe yake huletwa na bakteria wa jamaa moja na wale wanaogandisha maziwa, na bakteria wa jamaa hiyo ndio hufanya kazi kwenye lambiki pia. Anajua kwa kuonja siku pombe ilipoiva na siku ilipopita.

Tofauti ni heshima. Mbelgiji wa Hoegaarden ameandika jina la mji wake kwenye chupa. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza utamaduni wa bia wa Ubelgiji katika orodha ya urithi wa binadamu. Sisi pombe ya mtama tumeiachia kilabu cha pembeni, tukaamini kwamba mtu aliyefanikiwa lazima ashike chupa ya kiwandani.

Na chupa yenyewe? Balimi, bia inayojulikana sana Kanda ya Ziwa, imebeba neno la Kisukuma lenye maana ya wakulima. Hutengenezwa na kampuni ya bia ya TBL, ambayo tangu 2016 imo chini ya AB InBev, kampuni yenye makao makuu Leuven, Ubelgiji. Jina ni la mkulima wetu. Ingefaa na ladha ya shamba lake ipate nafasi.

Wamarekani wameshaonyesha kwamba inawezekana, tena kwa pombe ya kwetu. Sprecher, kiwanda cha Wisconsin kilichoanzishwa mwaka 1985, kiliwahi kutoa bia ya ndizi iliyoitwa Mbege, jina la pombe ya Wachaga wa Kilimanjaro. Huko Moshi na Rombo hupikwa kwa ndizi mbivu na kimea cha ulezi, na magome ya msesewe huipa uchungu wake. Aliyeiona kuwa bidhaa ya kuwekwa rafu moja na bia za Ulaya alikuwa mtu wa mbali.

Kuna wanaohofia kwamba kusifu pombe ni kusifu ulevi, na katika ukanda wetu wa machimbo hofu hiyo ina msingi: mshahara wa wiki huweza kuishia kaunta usiku mmoja. Lakini anayeonja hanywi ili aanguke. Mpishi anayejivunia ladha yake ana sababu ya kutunza usafi wa maji na vyombo, na kutouza kilichoharibika.

Kazi ya kwanza ni ya kiufundi. Pombe ya mtama huendelea kuchachuka baada ya kuiva, hivyo huharibika ndani ya siku chache. SIDO, shirika la viwanda vidogo, na TBS, shirika la viwango, zikikaa na wapishi wa Bukombe, zikaanza na kipimajoto, maji salama na chombo kinachofunika vizuri, mama wa Ushirombo ataweza kuandika kwenye chupa jina la kijiji chake na siku aliyopika.